Nabii alisema sitamaliza mwaka

SWALI

Hujambo daktari. Nina miaka 29. Mama alituingiza katika kanisa moja huko Kisumu nikiwa na miaka 16, baba alipofariki. Humo nabii ndiye aliyeamua kila kitu: nani aolewe na nani, nani aendelee na shule, nani asiongee na jamaa zake. Kwenda hospitali kulihesabiwa dhambi ya kutoamini. Mimi ni msusi. Nilikuwa na kiti changu saluni pale Kondele, na karibu pesa zote zilienda madhabahuni, ingawa sisi wenyewe tulikatazwa kusuka na kuvaa hereni. Aprili mwaka jana mtoto wangu wa miaka 6 alishikwa na malaria. Nilimtoa usiku nikampeleka hospitali. Jumapili nikasimamishwa mbele ya kusanyiko, nabii akasema nikitoka sitamaliza mwaka, na radi ndiyo itakayonichukua. Nikapanda matatu hadi Nakuru kwa shangazi. Sasa ni miezi tisa. Kazi ya kwanza niliyopata nimeachishwa, mtoto ameugua tena, na mvua ikinguruma mimi huingia chini ya kitanda. Mtoto ameanza kuuliza kama tutachomwa. Nikisikia nyimbo zao kwenye matatu natamani kurudi. Mama hashiki simu yangu. Je, nimelaaniwa? Shangazi anataka nipelekwe kwa mchungaji wake nifunguliwe laana, niende? Naruhusiwa kusuka? Naruhusiwa hereni? Nikiomba, naomba nani? Na mama nitamtoaje?

JIBU

Dada, naanza na hiyo Aprili inayokuja, mwaka wa nabii utakapotimia, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi, na maswali yako mengine yote yameegemea hapo.

Hukulaaniwa. Rudi kwenye barua yako mwenyewe uone mambo yalivyofuatana. Malaria ilimshika mtoto mkiwa bado ndani, mkifunga, mkitoa, mkitii. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, na mbu hamwulizi mtu anasali wapi. Ugonjwa ulikuja kwanza, wewe ukatoka baadaye. Laana ya kutoka haiwezi kumpiga mtu ambaye hajatoka.

Kisha itazame radi yenyewe. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo wenye unyevu hutoka ziwani, unakutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko ya Nandi, Kericho, Kisii na Kakamega, na alasiri mawingu yanalipuka. Wewe umekulia huko, unajua kuanzia Machi hadi Mei inavyokuwa. Anayetaka kumtisha mtu wa Kisumu kwa kitu ambacho lazima atakisikia hana haja ya maono. Tena alikupa mwaka mzima. Katika mwaka mzima ni nyumba gani ya Kenya isiyopata mgonjwa, isiyofiwa, isiyoona mtu wake akiachishwa kazi? Ulikaa humo miaka kumi na zaidi. Wahesabu waliokufa wakiwa waumini watiifu. Waliambiwa nini juu yao? Nadhani waliambiwa Bwana amewatwaa, au kwamba walikuwa na dhambi ya siri. Aliyetoka akijikata kidole jikoni, hilo lilitangazwa madhabahuni kama ushuhuda. Kwa mpango huo hakuna jambo linaloweza kutokea likaonyesha kwamba nabii amekosea. Akipona mtu ni nabii, akifa ni dhambi yake, akitoka akafanikiwa ni shetani anampamba. Uliishi ndani ya mpango huo tangu usichana wako, kwa hiyo si ajabu kwamba bado unaupimia maisha yako.

Najua pia kwamba unaweza kusoma haya, ukayakubali yote, halafu mvua ikanguruma usiku wa leo ukajikuta chini ya kitanda. Usijilaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwili wako umeumwa kwa miaka mingi. Hofu uliyofundishwa kwa kusimamishwa mbele ya watu, kwa njaa ya mifungo, kwa mikesha isiyo na usingizi, haiondolewi na hoja peke yake. Inaondolewa na mwili kuona tena na tena kwamba hatari haikuja. Tatizo la kujificha ni hili: radi ikipita na wewe uko hai, akili haisemi radi haikuwa na neno nami, inasema kitanda kimeniokoa. Kesho utakihitaji tena, na kesho kutwa zaidi.

Kwa hiyo tunakwenda polepole. Mvua ikianza, jaribu kuketi juu ya kitanda badala ya chini yake, shangazi akiwa karibu, miguu ikigusa sakafu. Vuta pumzi kwa kawaida, uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta, mara nyingi. Sema kwa sauti mahali ulipo: niko Nakuru, kwa shangazi, ni saa tatu usiku, mtoto amelala pale. Siku za ukavu tafuta sauti ya radi kwenye simu, uisikilize ikiwa chini kabisa huku ukifanya kazi ya mikono, labda unamsuka mtu. Usipandishe sauti mpaka uizoee ile ya chini. Sehemu hii ni nyepesi zaidi ukiwa na mshauri pembeni, na nitafika hapo.

Sasa Aprili. Nataka uijue mapema: wiki hiyo karibu hakika radi itapiga, kwa sababu ni masika. Isikukute hujajiandaa. Usilale peke yako siku hizo. Mwambie shangazi tangu sasa. Mtoto aende shule kama kawaida. Kula, hata kama koo limekaza, wala usifunge, kwa maana mwili wenye njaa na usio na usingizi huamini lolote. Nambari za watu wa kule zizuie kwa wiki mbili isipokuwa ya mama, kwani baadhi yao watakupigia kukukumbusha, na wengine watafanya hivyo kwa upendo kabisa, wakilia. Na jambo la mwisho, ambalo wengi hawaambiwi: tarehe ikipita salama, usitegemee kufurahi. Watu wengine hujisikia watupu, wengine hukasirika vibaya. Kisha hutokea ujumbe kwamba Mungu amekuongezea muda wa kutubu. Tarehe husogezwa. Ikisogezwa, utakuwa umepata jibu la swali lako kutoka kwao wenyewe.

Niruhusu nikuulize jambo moja waziwazi. Katika kungoja mwaka uishe, umewahi kufikiri ni afadhali ufe mwenyewe kuliko kungojea radi? Wanaotishwa kwa kifo hufika hapo, na huona aibu kusema. Kama ndiyo, usingoje miadi. Mwambie shangazi leo, nenda hospitali, au piga 1199, nambari ya ushauri ya Shirika la Msalaba Mwekundu, ambayo haitozwi. Wala usihofu kwamba kusema kutakufikisha kwa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Hata kama jibu ni hapana, nakushauri uende kliniki ya afya ya akili kabla ya mvua kuanza. Hapo Nakuru kuna hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wenyeji bado wanaiita PGH. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na anayefanya kazi hii sawasawa haudhiki kuulizwa. Mweleze kila kitu, hata usichoniandikia mimi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutambua mkanganyiko wa akili unaotokana na kiwewe cha muda mrefu, hasa pale mtu alipokuwa chini ya mwingine asiweze kutoroka. Mtu hurudiwa na matukio, hukwepa kila kinachoyakumbusha, hushtuka ovyo, na zaidi ya hayo hujiona hafai na hushindwa kumwamini yeyote. Sisemi ndicho ulicho nacho. Hilo huamuliwa ana kwa ana. Nasema hali kama yako ina jina, ina matibabu, na watu hupona.

Kwa mchungaji wa shangazi usiende, angalau kwa sasa. Simjui na simshuku. Huenda ni mtu mwema, na shangazi amekupokea na mtoto bila kukuuliza utaondoka lini, kwa hiyo mkatalie kwa heshima. Lakini fikiri utakachokutana nacho: utasimama mbele ya watu, mtu mwenye mamlaka ataweka mkono kichwani pako, ataipazia sauti laana iliyo ndani yako. Ili akufungue, kwanza lazima akubali kwamba ulifungwa, yaani nabii wa Kisumu alisema kweli. Hata akikutangaza huru, utakuwa umepewa uhuru na mtu mwingine, na anayetoa anaweza kunyang'anya. Mwambie shangazi hivi: usiniombee laana, niombee usingizi. Naamini atafanya.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo, nikiisoma barua yako mara ya pili, liliniumiza kuliko radi. Umeniuliza kama unaruhusiwa kusuka nywele. Wewe, uliyesuka vichwa vya watu Kondele ukalisha madhabahu kwa vidole vyako. Waliona nywele ni dhambi kichwani pako na si dhambi katika bahasha ya sadaka, na kwa miaka yote hakuna aliyekuachia nafasi ya kuuliza. Sitakujibu swali la nywele, wala la hereni, na sikukatalii kwa ukali. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekaa kwenye kiti kilekile cha nabii, ila mimi nimekuruhusu. Walichokuchukulia zaidi ya pesa ni uwezo wa kuamua. Akili isiyoachwa iamue kwa miaka inadhoofika, na hiyo ndiyo inayohitaji mazoezi kuliko kitu kingine.

Anza na vidogo. Wiki hii amua jambo moja usilomuuliza mtu: utapika nini, utapita njia gani kwenda Langa Langa, utavaa nguo ya rangi gani. Tafuta daftari la mtoto lililoisha nusu, andika uliamua nini, uliogopa kitatokea nini, na kilitokea nini. Baada ya muda utakuwa na ushahidi wa mkono wako, si wangu. Vitu vikubwa kama hereni vitafika zamu yao. Unaweza kuvaa ukagundua huzipendi, ukazivua, na huo pia utakuwa uamuzi. Utakosea mengine. Utanunua kitu kibovu, utamwamini mtu asiyefaa. Kule kosa lilikuwa uasi. Huku ni kosa tu, na mtu hulirekebisha.

Unauliza uombe nani. Mimi ni muumini, na nakuambia hilo ili ujue kwa nini sitakuvuta upande wangu. Nimeketi na watu waliotoka makundi ya namna hii wakarudi makanisani au msikitini baada ya miaka, wakapata pumziko la kweli. Nimeketi na wengine ambao hawakurudi popote, nao wamepona. Huna deni la kuamua mwaka huu. Kama kuomba kunakutetemesha, nyamaza. Hata ukimya utakuwa umeuchagua wewe. Siku utakapotaka kuketi mahali pa ibada, kaa viti vya nyuma ukiwa na nauli yako mfukoni, uangalie. Je, mtu huuliza swali akajibiwa bila kuitwa mwasi? Aliyehama hutajwa kwa wema au kwa vitisho? Hesabu za pesa husomwa? Wagonjwa huombewa na pia wakapelekwa hospitali? Utaona mengi kwa Jumapili chache, na hakuna anayekudai ujiunge.

Zile nyimbo za kwenye matatu hazikuiti. Uliziimba ukiwa na usingizi mwingi machoni, ukilia, ukiwa umeshikana mikono na watu uliowapenda, na mwili uliziweka pamoja na hayo yote. Zikipigwa unarudishwa kule kwa dakika kadhaa. Shika kiti cha mbele, soma kibao cha barabarani, jua umefika wapi, na kama ni lazima mwambie utingo unashukia hapo. Wimbi hupita. Lakini usiliite wimbi lote kuwa ugonjwa, kwa sababu sehemu yake ni majonzi ya haki. Umeacha marafiki, shangazi wa kanisani, utani wa jikoni siku za mikutano, uhakika wa kujua kesho itakuwaje. Nakuru watu watakupongeza kwa kutoka na hakuna atakayekupa pole. Mimi nakupa pole. Moyo unaweza kuwatamani watu na bado ulifanya sawa kuondoka. Hasira nayo itakuja, huenda baada ya Aprili, na itakutisha kwa sababu kule ilikuwa mwiko. Iache ije, ila usiiandikie ujumbe wa simu saa nane usiku.

Mtoto wako mjibu kwa maneno machache, yaleyale kila mara: hapana, hatutachomwa, mtu mzima alisema jambo la kutisha na halikuwa kweli, mimi nakulinda. Usimwelezee nabii, usimtukanie bibi yake. Akiugua mpeleke hospitali mchana, mbele za watu, mkiongea mambo ya kawaida njiani, kwa maana mara ya kwanza alipelekwa gizani, mama yake akitetemeka, na watoto husoma hayo. Mwambie mwalimu wake kidogo tu, kwamba mmehama baada ya tisho.

Kuhusu mama, neno lako la kumtoa naliogopa. Marekani, katika miaka ya 1970 na 1980, kuna familia zilizolipa watu wawateke jamaa zao waliokuwa katika makundi, wakawafungia vyumbani na kuwahojihoji kwa siku nyingi mpaka waikane imani. Baadhi walirudi kwenye kundi mara tu walipofunguliwa, wengine waliishia mahakamani dhidi ya ndugu zao, na waliobaki nje walibaki na jeraha la pili. Mama yako si mjinga wala mtumwa wa kununuliwa. Kumbuka walimkuta katika hali gani. Alikuwa mjane. Jamaa wa mazishi wametawanyika, karo inadaiwa, huenda hata mashemeji wameanza kuuliza nani atamrithi. Kukaja watu waliokesha naye matangani, wakachanga, wakaimba, wakarudi wiki iliyofuata. Hakuna anayejiunga na kundi linalomkandamiza. Hujiunga na watu waliomjali, na kamba hukazwa baadaye, kidogo kidogo. Leo akishika simu yako anahofia kupoteza kila alichokijenga tangu mumewe afe.

Basi usimpigie kwa mafundisho. Usimwambie nabii ni mwongo, atalazimika kumtetea, na kila anapomtetea anazidi kusadiki. Mtumie picha ya mjukuu akiwa amevaa sare. Muulize anavyokaanga omena zisikauke. Andika fupi, kila baada ya wiki moja au mbili, hata asipojibu, na usimwage machozi ndani yake. Pesa taslimu usitume, unajua ziendako. Akihitaji, mpe mtu unayemwamini Kisumu amfikishie unga na mafuta. Mara moja, na mara moja tu, mwambie wazi kwamba ana mahali pa kulala Nakuru siku yoyote, saa yoyote, bila kuulizwa. Kubaliana na shangazi kwanza ili ahadi iwe ya kweli. Watu wengi huondoka siku kundi linapodai kitu ambacho hawawezi kutoa, kama wewe ulivyoshindwa kumwacha mtoto bila matibabu. Siku ya mama sijui itakuwa ipi. Ikifika, awe anajua mlango ulipo.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Kule kumebaki watoto ambao wakishikwa na malaria hawatatolewa usiku na mtu. Mwaka 2023 kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa la Paul Mackenzie, wakiwemo watoto wengi, na hapo nyuma yalikuwepo malalamiko kuhusu watoto kutolewa shuleni. Sisemi kanisa lenu ni Shakahola. Nasema kifungu cha 32 cha Katiba kinampa mtu mzima uhuru wa kuabudu, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya matibabu, chakula na shule, wala imani ya mzazi haiifuti. Taarifa hupokelewa na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na chifu, na kwa nambari 116 ya watoto, isiyolipiwa. Huna wajibu wa kufanya hivyo mwezi huu. Tulia kwanza, anza kliniki, Aprili ipite. Ukishaweza kulisimulia lile tukio la Jumapili bila mwili kuganda, mwambie mshauri wako unataka kupiga 116, na mpige mkiwa wawili.